Sura ya Sita: Akaunti Si Mkopo

Kuna kauli utakayoisikia Kongowea, Gikomba, Kibuye na popote watu wanapouza na kununua nchini Kenya: "Mimi benki siwezi kwenda, niko CRB." Anayeisema mara nyingi ana biashara inayotembea. Ana wateja, ana mzigo, ana vijana wawili watatu anaowalipa kila jioni. Lakini fedha zake zote zinapita kwenye laini yake ya simu, zikichanganyika na karo ya watoto, mchango wa matanga na kodi ya nyumba. Siku anapotokea mteja mkubwa, iwe shule, hoteli au idara ya kaunti, anaulizwa namba ya akaunti ya benki yenye jina la biashara. Hana. Kazi inakwenda kwa mwingine.

Sura hii nimemwandikia yeye. Ninachotaka akishike ni hiki: kuwa na mkopo ulioharibika kwenye kumbukumbu za CRB hakumfungii mtu mlango wa akaunti ya biashara. Hakuna sheria ya Kenya inayokataza. Akaunti ni mahali pa kuweka na kupitishia fedha zako mwenyewe. Mkopo ni fedha za benki unazoomba upewe. Benki inapokupa mkopo inajiuliza kama utalipa. Inapokufungulia akaunti inajiuliza wewe ni nani na fedha zako zinatoka wapi. Anayeyachanganya maswali haya mawili hukaa nje ya benki miaka mingi, na miaka hiyo ndiyo ambayo ingemrudishia jina.

Daftari la taifa zima

Tuanze na hizo herufi tatu zinazotisha. CRB ni kampuni yenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya inayokusanya kumbukumbu za mikopo kutoka kwa wakopeshaji na kuwapa wakopeshaji wengine wanapohitaji. Kanuni za kwanza zilitungwa mwaka 2008, na leseni ya kwanza ikatolewa mwaka 2010. Leo zipo tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kazi yao ni ile ya daftari la duka la mtaani, ambapo mwenye duka huandika nani kachukua unga na nani kalipa. Tofauti ni kwamba daftari hili linasomwa na kila mwenye duka nchini.

Mwanzoni liliandikwa mabaya tu. Mtu aliyelipa vizuri hakuonekana popote, aliyeshindwa ndiye aliyeandikwa. Kanuni za mwaka 2013 zilibadilisha hali hiyo: mabenki yakatakiwa kupeleka taarifa za mikopo yote, inayolipwa na isiyolipwa. Ndiyo maana kila Mkenya aliyewahi kukopa kwenye taasisi rasmi ana faili huko, hata asiyewahi kuchelewa siku moja. "Kuwa CRB" kwa maana halisi ni kuwa na faili. Tunachokiogopa ni faili lenye mkopo chechefu, yaani mkopo uliopitisha siku 90 bila kulipwa.

Faili pia huwa na alama. Kwa Metropol, kwa mfano, alama zinaanzia 200 hadi 900, na aliye chini ya 400 huhesabiwa kuwa ana mkopo alioshindwa kuulipa. Alama hupanda na kushuka kadiri unavyolipa. Mtu aliyeko 350 mwaka huu anaweza kuwa 600 baadaye, na hilo hutokea kwa kulipa, wala si kwa kukaa kimya akingoja asahauliwe.

Wengi waliojikuta humo hawakukopa mamilioni. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, kwa mara ya kwanza mtu aliweza kukopa shilingi mia chache akiwa amekaa kitandani, bila mdhamini na bila kuonana na mtu. Programu nyingine zilifuata kwa wingi. Mikopo ya siku 30 ikawa ya kununulia unga, ya nauli, ya kulipia mkopo mwingine wa siku 30. Watu wakaandikwa kwa madeni yasiyofika hata bei ya gunia la viazi. Benki Kuu iliingilia Aprili 2020: ikapiga marufuku kumripoti mtu kwa deni lisilozidi shilingi 1,000, na ikawaondolea wakopeshaji wa mitandaoni zaidi ya 300 wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka majina CRB. Mwaka 2021 ilipewa mamlaka kisheria ya kuwapa leseni wakopeshaji wa simu, na kanuni zao zikatoka Machi 2022.

Novemba 2022 Benki Kuu ikatangaza mpango wa kurekebisha kumbukumbu. Mabenki yaliyokuwa na mikopo chechefu ya simu ya muda usiozidi siku 30 yaliombwa kusamehe angalau nusu ya deni na kubadilisha hali ya mkopaji, huku naye akipewa hadi mwisho wa Mei 2023 kumaliza lililobaki. Mikopo hiyo ilifika takriban shilingi bilioni 30 na iliwahusu wakopaji zaidi ya milioni 4.2. Msomaji mwenye aibu aitazame vizuri namba hiyo. Watu milioni nne hawawezi kuwa wote ni wezi. Ni wazazi, mafundi na wachuuzi waliobanwa na mikopo myepesi kuchukua na mizito kulipa, na wengi wao walikuwa wametoka tu kwenye miezi ya korona.

Benki inatafuta nini kaunta

Ukienda kufungua akaunti ya biashara, karani anatimiza masharti ya sheria ya mwaka 2009 dhidi ya utakatishaji wa fedha. Sheria hiyo inaitaka benki imjue mteja wake: jina lake, makazi yake, kazi yake, na nani hasa anafaidika na fedha zitakazopita. Ndiyo sababu ya karatasi anazokudai.

Kwa biashara ya mtu mmoja, karatasi hizo kwa kawaida ni kitambulisho, PIN ya KRA, picha, cheti cha usajili wa jina la biashara kinachopatikana kupitia eCitizen, na leseni ya biashara ya kaunti. Kampuni huongeza cheti cha kuundwa kwake, PIN yake yenyewe, hati ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, na azimio la wakurugenzi linalosema akaunti ifunguliwe na nani waweke sahihi. Kikundi huleta cheti chake, katiba yake na kumbukumbu za mkutano uliokubaliana kufungua akaunti. Tafadhali uliza orodha kamili kwenye tawi lenyewe kabla ya kwenda, maana kila benki ina nyongeza zake.

Faili lako la CRB linaingia wapi hapo? Benki inaweza kulitazama, na kila benki ina sera yake. Hulitazama kwa makini zaidi akaunti inapobeba kitu kinachofanana na mkopo, kama daftari la hundi au ovadrafti. Hundi ina sababu yake. Hundi iliyorudi kwa kukosa fedha huripotiwa CRB kama taarifa mbaya, na kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya anayetoa hundi akijua akaunti haina fedha kuwa mkosaji wa jinai. Mtu mwenye hundi zilizorudi kwenye faili lake asitarajie kupewa daftari jipya siku ya kwanza. Mwenye kumbukumbu ya ulaghai au hati za kughushi ana kazi nzito zaidi, na benki ikimkataa itakuwa na haki.

Lakini aliyechelewesha mkopo hayuko kwenye fungu hilo. Akiomba akaunti ya kupokea na kutuma fedha tu, isiyo na hundi wala ovadrafti, benki haihatarishi senti yake hata moja. Inachoweka mezani ni huduma, na huduma hiyo anailipia.

Soma faili lako kabla ya kusomwa

Kosa kubwa ni kwenda benki bila kujua kilichoandikwa. Sheria inakupa haki ya kupata ripoti yako ya mikopo bila malipo angalau mara moja kila mwaka, kutoka kwa kila kampuni ya CRB. Kwa kuwa ziko tatu, na mkopeshaji mmoja anaweza kuonekana kwa moja kabla ya nyingine, chukua zote.

Tumchukue mama mmoja wa mfano, anayeuza nazi na mboga kwa jumla Kongowea. Hoteli moja ya Nyali imemkubalia oda ya kila wiki, kwa sharti kwamba malipo yataingia kwenye akaunti ya biashara baada ya siku 30. Anachukua ripoti yake na kuketi nayo mezani. Kila mkopo una mstari wake: jina la mkopeshaji, tarehe ulipochukuliwa, kiasi cha mwanzo, salio, kiasi kilichochelewa, siku zilizopita tangu kuchelewa, na hali ya mkopo. Anakuta mistari mitatu.

Wa kwanza ni mkopo wa simu wa shilingi 2,400 aliouchukua mwaka 2019. Aliulipa, na ujumbe wa malipo bado anao, lakini ripoti inasema unadaiwa. Hilo ni kosa la mkopeshaji, na lina dawa: analalamika kwa maandishi kwa CRB na kwa mkopeshaji, akiambatisha ushahidi. CRB inalazimika kuchunguza, na taarifa isiyo sahihi lazima irekebishwe.

Wa pili haujui kabisa. Mkopo umechukuliwa kwa namba yake ya kitambulisho na laini ya simu ambayo si yake. Hapo aende polisi kuandikisha taarifa, kisha apeleke nakala kwa mkopeshaji na CRB. Asiulipe ili yaishe. Kuulipa ni kukiri kwamba ni wake.

Wa tatu ni wake kweli. Ni mkopo wa benki wa shilingi 150,000, ulioanza kuchelewa katikati ya mwaka 2020, hoteli za Pwani zilipofungwa na nazi zikaoza sokoni. Salio la mtaji lilikuwa shilingi 90,000. Huu hauna njia ya kuukwepa. Dawa ya deni ni kulipa.

Jambo lingine la kuangalia ni kama uliarifiwa. Mkopeshaji anatakiwa kukupa taarifa ya siku 30 kabla ya kupeleka habari mbaya CRB, ili upate nafasi ya kulipa au kupinga. Aliyeandikwa bila kuarifiwa ana hoja ya kuwasilisha.

Hapa niseme kwa sauti kubwa habari ya madalali. Wapo wanaotangaza kwamba kwa shilingi elfu kadhaa watafuta jina lako CRB kwa siku moja. Hawawezi. Aliyeipeleka taarifa ndiye pekee anayeweza kuibadilisha, na hubadilishwa kwa sababu ilikuwa na makosa au kwa sababu umelipa. Fedha utakazompa dalali zingepunguza deni lenyewe. Mbaya zaidi, utakuwa umemwachia mgeni nakala ya kitambulisho chako.

Kuongea na anayekudai

Watu wengi humkimbia mkopeshaji: hubadilisha laini, huhama mtaa. Lakini mwenye mkopo uliolala miaka mitatu ana nguvu mezani kuliko anavyofikiri, kwa sababu benki tayari imeuhesabu mkopo huo kuwa hasara au karibu na hasara. Kila shilingi inayorudi ni ya heri kwao.

Pia kuna sheria ambayo kila mdaiwa wa benki anapaswa kuijua. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu mwaka 2007, kinaweka ukomo wa kile benki inachoweza kudai mkopo ukishakuwa chechefu. Ukomo huo ni mtaji uliokuwa umebaki siku mkopo ulipoharibika, riba isiyozidi mtaji huo, na gharama za kufuatilia deni. Mama wetu wa Kongowea alibakiwa na mtaji wa 90,000. Hivyo mtaji na riba pamoja haviwezi kupita 180,000, hata miaka ikipita kumi. Akionyeshwa hesabu ya 260,000, ana haki ya kuomba mchanganuo na kuuliza ziada ni ya nini.

Aende na pendekezo analoliweza. Tuseme atalipa 4,000 kila mwezi na anaomba sehemu ya riba isamehewe. Asiahidi 15,000 ili kumfurahisha afisa, kisha ashindwe mwezi wa pili, maana ahadi ya pili ikivunjika mlango wa mazungumzo hufungwa. Wakikubaliana, makubaliano yaandikwe kwa karatasi yenye nembo ya benki, yakitaja jumla ya deni, kiasi kilichosamehewa, tarehe za kulipa, na kwamba deni likiisha benki itaiarifu CRB. Akimaliza, adai barua ya kuthibitisha amemaliza, na aitunze kama hati ya shamba.

Ajue pia kwamba kulipa hakufuti historia siku hiyohiyo. Mkopo utaonyeshwa kuwa umelipwa, lakini kumbukumbu kwamba ulichelewa hukaa miaka mitano tangu siku ya kumaliza. Hesabu hiyo ina somo: anayemaliza leo amekwisha kuanza kuhesabu, na anayeahirisha mwaka mmoja anajiongezea mwaka mmoja. Cheti cha kuonyesha huna deni baya, ambacho waajiri na watoa zabuni hukiomba, hutolewa na CRB ukishalipa. Tangu mwaka 2020, cha mara ya kwanza hutolewa bila malipo.

Kuchagua benki na aina ya akaunti

Huna haja ya kungoja deni liishe ndipo ufungue akaunti. Kinachotakiwa ni kuchagua vizuri.

La kwanza: usifungue katika benki inayokudai kabla hamjaandikiana makubaliano. Benki ina haki ya kuchukua salio lako kwenye akaunti moja kufidia deni lako kwenye nyingine, na mikataba mingi ya akaunti husema hivyo waziwazi kwenye yale maandishi madogo. Biashara ya mtu mmoja, hata ikiwa na jina lililosajiliwa, kisheria ndiyo wewe mwenyewe. Fedha ya hoteli itakayoingia Ijumaa inaweza kuwa imekwenda kwenye deni la 2020 kabla hujanunua mzigo wa Jumamosi. Kenya ina mabenki ya biashara zaidi ya 35, mbali na benki ndogo za mikopo midogo na Sacco. Usilolipata kwa moja utalipata kwa nyingine.

La pili: omba akaunti ya miamala ya kawaida, isiyo na hundi wala ovadrafti. Soma masharti ya ada. Nyingine hutoza ada ya kila mwezi, nyingine hutoza kwa kila muamala. Anayepokea malipo manne makubwa kwa mwezi atafaidika na ya pili. Anayepokea mia mbili madogo huenda akafaidika na ya kwanza. Uliza kiasi cha kuanzia, kiasi cha chini kinachotakiwa kubaki, na gharama ya kuhamisha fedha kutoka benki kwenda kwenye simu, maana hapo ndipo faida ya mchuuzi huvujia kimyakimya.

La tatu: fikiria kwa makini kabla ya kuunda kampuni kwa sababu ya deni. Kampuni ni mtu wake kisheria, na haina historia mbaya kwa kuwa haina historia yoyote. Lakini benki itasoma CR12, itaona jina lako, na siku kampuni itakapoomba mkopo itatazama faili za wakurugenzi na kuwataka waweke dhamana zao binafsi. Unda kampuni ikiwa biashara inaihitaji: mna wabia, kuna mikataba mikubwa, kuna hatari unayotaka isifike nyumbani kwako. Ukiiunda kwa ajili ya kujificha, utakuwa umejiongezea hesabu na makaratasi ya kila mwaka bila kufichika.

Kuna njia nyingine ambayo wengi huishika kwa sababu iko karibu: kutumia jina la mke, kaka au mtoto aliyetimiza miaka 18. Naelewa kishawishi chake. Lakini akaunti ni ya mwenye jina. Akidaiwa yeye, fedha zako zinaweza kushikwa. Akifariki, akaunti inafungwa mpaka mirathi ishughulikiwe, na wewe unabaki kuwaeleza mashemeji kwamba mtaji ulikuwa wako. Mkigombana, huna karatasi. Na hata mambo yakienda sawa, kila shilingi uliyoipitisha humo imejenga jina la mtu mwingine. Baada ya miaka mitatu ya kazi nzuri, atakayestahili mkopo ni yeye.

Siku ya kwenda

Nenda asubuhi, katikati ya mwezi, tawi likiwa halina msongamano wa mishahara. Omba kuonana na afisa wa akaunti za biashara. Beba nakala na asilia za kila hati, barua ya oda au mkataba wa mteja ikiwa unao, taarifa ya M-Pesa ya miezi sita inayoonyesha biashara inavyotembea, na makubaliano ya kulipa deni pamoja na risiti zake.

Fomu itakuuliza unafanya biashara gani, unatarajia kupokea kiasi gani kwa mwezi, kutoka kwa nani. Jibu kwa usahihi. Ukiandika unatarajia 50,000 kisha zikaingia 600,000, mfumo wa benki utashtuka na akaunti inaweza kuzuiwa mpaka uje kueleza. Ukiulizwa kuhusu mikopo kwingine, sema kweli, kwa sababu jibu tayari wanaweza kulipata.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mama. Naona una mkopo uliochelewa benki nyingine."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo, naujua. Huu hapa mkataba wetu wa kulipa, na hizi risiti za miezi mitatu. Leo sikuja kukopa. Nimepata oda ya hoteli, wanalipa kwa benki tu. Nataka akaunti ya kupokelea malipo, hundi sihitaji."

Katika maneno hayo machache amemwondolea afisa mashaka yote matatu: kwamba anaficha, kwamba hataki kulipa, na kwamba anatafuta fedha za benki. Afisa akiwa na meneja wa kumshawishi, sasa ana cha kumwambia.

Ukikataliwa, uliza sababu kwa upole na uombe iwe kwa maandishi. Huenda tatizo ni hati moja tu iliyopungua. Ikiwa ni sera ya benki, ondoka na ujaribu nyingine. Ukiona umetendewa isivyo haki, lalamika kwanza kwa benki yenyewe kwa maandishi, na wasipokujibu, peleka lalamiko Benki Kuu.

Mwaka wa kwanza

Akaunti ikishafunguliwa, ilishe. Akaunti iliyolala haimsemei mtu. Ikiwa unapokea malipo kwa Lipa na M-Pesa, yaelekeze yaingie benki. Mauzo ya taslimu ya siku yapeleke hata kama jioni utayatoa kununua mzigo, maana mzunguko huo ndio benki inaouhesabu. Jilipe mshahara, hata mdogo, kwa kuhamisha kiasi kilekile tarehe ileile kila mwezi kwenda kwenye akaunti yako binafsi au simu, na mahitaji ya nyumbani yatoke huko. Lipa wauzaji wako kupitia akaunti pale inapowezekana. Lipa na lile deni la zamani kutoka humohumo kila mwezi, ili nidhamu yako ionekane kwenye karatasi.

Usikubali ovadrafti wala mkopo wa simu utakaopewa kwa haraka baada ya miezi michache kwa sababu tu mfumo umekuona una fedha. Mkopo wa kwanza baada ya kuanguka uwe mdogo, wa kununulia bidhaa ambayo mnunuzi wake tayari yupo, na uulipe kabla ya siku yake. Huo mmoja utaandikwa kwenye faili lako la CRB chini ya ule wa 2020, na atakayelisoma ataona mtu aliyeanguka akainuka. Wako maafisa wa mikopo wanaomthamini mteja wa aina hiyo kuliko asiyewahi kukopa, kwa kuwa wamekwisha kuona afanyavyo akibanwa.

Baada ya miezi 12 utakuwa na hati ambayo hakuna CRB inayoweza kukupa wala kukunyang'anya: taarifa ya akaunti ya mwaka mzima yenye jina la biashara yako. Ripoti ya mikopo inaeleza ulivyolipa zamani. Taarifa ya akaunti inaeleza biashara inavyokwenda sasa: nani anakulipa, mara ngapi, kiasi gani kinabaki. Mwenye kutoa mkopo, mwenye zabuni na mbia mpya watataka kuziona zote mbili. Serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na wanaoikosa fursa hiyo kwa sababu tu hawana akaunti ya biashara ni watu wanaofanya kazi ngumu kila siku kuliko wengi walio nayo.

Nawaomba na wenye mabenki walizingatie hili. Mfanyabiashara mdogo anayekuja kaunta akiwa na deni la zamani mkononi na mkataba wa kulilipa, akiomba tu mahali pa kupitishia jasho lake, anawaonyesha uaminifu ambao hakuna mashine ya alama inayoweza kuupima. Akifukuzwa atarudi kwenye fedha za mfukoni na mikopo ya siku 30, na deni lake la zamani halitalipwa kamwe. Akipokewa, atalilipa.

Na wewe uliyeshika kitabu hiki, wiki hii omba ripoti zako tatu. Wiki ijayo mwandikie anayekudai. Mwezi huu, kabla haujaisha, panga hati zako na uende ukafungue akaunti kwa jina la biashara yako, kwa sababu unastahili kuwa nayo.